Eriali ya TV kwenye ghorofa Kitengela: ninunue ipi?

Swali: Habari yako fundi. Ninaishi Kitengela kwenye ploti ya ghorofa nne, mimi niko ya tatu. Mama mkwe amekuja kukaa nasi na hakosi taarifa ya saa moja jioni. TV yetu ina king'amuzi ndani kwa ndani, kwa hivyo sitaki kulipia kitu kila mwezi. Nilinunua mjini eriali ndogo ya mezani yenye busta kwa shilingi 1,500. Imeandikwa 4K, na eti inashika maili 980. Asubuhi inaonyesha vizuri, lakini jioni picha inakatikakatika, sauti inakwaruza, na kuna stesheni hazipatikani kabisa. Muuzaji ananiambia niongeze pesa anipe yenye busta kubwa. Ninunue ipi? Na je, eriali moja inaweza kulisha TV mbili?

Jibu: Dada, hizo pesa za busta kubwa zikae kwanza mfukoni. Nikikutajia aina ya eriali kabla ya kujua nyumba yako imetazama wapi, nitakuwa sina tofauti na huyo muuzaji wako. Nimepanda mapaa tangu siku za picha za chengachenga, na jambo moja halijabadilika: pale unapoiweka eriali pana uzito kuliko eriali yenyewe. Kwanza mahali, kisha mwelekeo, kisha waya, ndipo tufike kwa eriali. Busta huja mwisho, na mara nyingi haihitajiki hata kidogo.

Acha nianze na maandishi ya kwenye boksi, maana ndiyo yaliyokula pesa yako. Eriali haijui 4K ni nini, wala haijui dijitali. Ni vipande vya chuma vilivyokatwa kwa urefu fulani ili viitikie mawimbi ya masafa fulani, basi. Eriali ya UHF (masafa zinakorushwa stesheni zetu za dijitali) iliyokuwa juu ya paa la mzee enzi za analojia itashika dijitali vilevile, mradi haijaoza. Kenya ilipozima analojia mwaka 2015, kilichobadilika ni mzigo unaobebwa na mawimbi pamoja na kifaa cha kuufungua. Kifaa hicho wewe unacho ndani ya TV. Wasomaji wengine wanaotaka kununua TV wahakikishe imeandikwa DVB-T2, maana ndio mfumo wetu. Ile aliyokuletea shemeji kutoka Marekani imetengenezewa mfumo wa ATSC, na hapa haitafungua stesheni yoyote ya hewani hata ukiitundikia eriali ya dhahabu, mpaka ununue king'amuzi cha pembeni.

Sasa hizo maili 980. Ni zaidi ya kilomita 1,570. Addis Ababa iko karibu kuliko hapo! Mawimbi ya TV husafiri karibu kama mwanga, kwa mstari ulionyooka, na dunia ni duara. Mlingoti wa mita 100 uliosimama penye tambarare huona mpaka kama kilomita 41, kisha ardhi inajikunja na kuuficha. Eriali iliyo mita 9 juu ya ardhi nayo huona kama kilomita 12. Jumlisha, unapata 53. Hicho ndicho kipimo cha kawaida cha umbali, na hakuna kibandiko cha kwenye boksi kinachoweza kuinyoosha dunia. Kinachoongeza umbali ni mwinuko, hasa wa mtambo.

Na hapo ndipo wewe una bahati. Mitambo inayorushia Nairobi na viunga vyake iko upande wa Limuru, kwenye nyanda zilizo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kitengela iko kwenye mita 1,500 na ushei. Tofauti hiyo ya mita 400 na zaidi, kabla hata hujahesabu urefu wa mlingoti wenyewe, inauwezesha mtambo kuona zaidi ya kilomita 80. Kutoka kwako hadi huko ni kama kilomita 54 kwa mstari wa moja kwa moja. Kwa hivyo mawimbi yanafika Kitengela. Yanapita juu ya jiji la Nairobi na kushuka uwandani mpaka kwenye ukuta wa nyumba yako. Hapo kwenye ukuta ndipo yanapokwama.

Chukua simu, fungua dira, toka hadi kwenye balkoni. Tafuta digrii 320, yaani kati ya kaskazini na magharibi. Kwa lugha ya Kitengela, huo ni upande wa Nairobi. Kama balkoni yako inatazama huko, tatizo lako ni dogo na pengine utalimaliza kesho. Kama inatazama upande wa Namanga, basi jengo zima la mawe na slabu limesimama kati yako na Limuru, na eriali iliyo juu ya kabati ya sebuleni inajaribu kuona kwa kisogo.

Mafundi hupima upotevu huu kwa desibeli. Ukipoteza desibeli 3, nusu ya nguvu imekwenda. Ukipoteza 10, imebaki sehemu moja kati ya kumi. Ukuta wa mawe ya kuchonga unaweza kula hizo 10 peke yake, kuta mbili zikala 20, na hapo kilichobaki ni sehemu moja kati ya mia. Vyuma vya dirisha navyo vinakula fungu lao, kwa sababu nafasi zilizo kati ya vyuma ni ndogo kuliko mawimbi yenyewe. Mabati ndiyo mabaya zaidi: eriali iliyowekwa chini ya paa la mabati ni kama imefunikwa na sufuria. Watu wengi huhangaika na eriali ya darini, chini ya bati, wakidhani urefu umewasaidia.

Hilo linaeleza pia kwa nini asubuhi unaona vizuri na jioni unateseka. Analojia ilikuwa na huruma. Mawimbi yakipungua, picha ilijaa chenga lakini mtangazaji ulimwona. Dijitali haina katikati. Mawimbi yakiwa safi kupita kiwango fulani, picha ni kioo. Yakishuka chini ya hapo kidogo tu, inakatika vipandevipande, kisha giza. Eriali yako ya mezani inakaa juu ya mstari huo huo, ukingoni kabisa. Asubuhi nyumba ni tulivu. Jioni watoto wanapita mbele yake (mwili wa mtu una maji mengi, na maji hunyonya mawimbi haya), taa zote zinawaka, chaja zote zimechomekwa, na vifaa vya bei rahisi hutema kelele za umeme ambazo eriali ya ndani inazimeza pamoja na picha. Kelele ikipanda kidogo, unateleza upande wa giza. Mama mkwe anakosa taarifa yake, lawama inaangukia TV.

Haya, eriali yenyewe. Stesheni zetu za dijitali ziko kwenye UHF, kati ya megahezi 470 na 694, ambazo ni chaneli 21 hadi 48. Wimbi la chini hapo lina urefu wa sentimita 63 hivi, la juu 43. Kijiti kinachoitikia vizuri ni cha nusu ya wimbi, ama pungufu yake kidogo. Kwa hivyo ukienda dukani beba rula, na usione haya kuitoa. Vijiti vya eriali unayotaka viko kati ya sentimita 15 na 33 hivi. Ukiona vimo vijiti virefu vya mita nzima, hivyo ni vya VHF, masafa ya KBC ya zamani. Havitakudhuru, lakini utakuwa umelipia chuma kisicho na kazi, tena chuma kinachobeba upepo. Watu hupenda eriali kubwa kwa macho. Mimi nimeng'oa nyingi ambazo theluthi mbili zake zilikuwa pambo.

Na hizo za mezani nimezivunja kadhaa nikitaka kujua. Ndani ya ile plastiki inayong'aa mara nyingi nimekuta kipande cha bati cha sentimita chache na saketi ndogo ya busta. Basi. Mtu aliyekaa karibu na Limuru, tuseme Kikuyu au Kabete, itamtosha. Huyo angeona hata kwa waya mtupu. Kwa Kitengela, ndani ya nyumba ya mawe, unaipa kazi isiyoiweza.

Kuna aina mbili ninazoweza kukupendekezea, zote za nje. Ya kwanza ni ile inayofanana na mfupa wa samaki, nyuma ina wavu au vijiti vya kurudisha mawimbi, mbele ina safu ya vijiti vifupi. Inaitwa Yagi, ingawa Wajapani waliohusika mwaka 1926 walikuwa wawili, na aliyefanya sehemu kubwa ya kazi ni Shintaro Uda. Jina lililobaki midomoni mwa watu ni la bosi wake, Hidetsugu Yagi. Dunia ndivyo ilivyo. Hii hufanya kazi kama kioo cha tochi: haiumbi nguvu mpya, inakusanya ile inayotoka upande mmoja na kuzipa kisogo pande nyingine. Yenye vijiti kati ya kumi na kumi na tano hukupa desibeli 10 au zaidi kidogo. Ya pili ina vijiti vinavyopungua urefu polepole kutoka nyuma hadi mbele, umbo la mshale, na mara nyingi mabomba mawili yanayokwenda sambamba katikati. Inakusanya kidogo kuliko Yagi, desibeli 7 hivi, lakini inazishika chaneli zote kwa usawa na haichagui sana ukikosea mwelekeo kidogo.

Kwako wewe ningechukua Yagi ya kadiri, ya UHF tupu, isiyo na busta ndani yake. Zile ndefu za mita mbili zenye vijiti arubaini waachie watu wa mbali. Zinataka kuelekezwa kwa usahihi mkubwa, na upepo wa uwanda wa Athi utazigeuza kabla ya Krismasi. Ukipata iliyoandikwa chaneli 21–48, chukua hiyo badala ya 21–69. Masafa ya juu ya hapo, yale ya 700 na 800, zamani yalikuwa ya TV na sasa ni ya simu. Eriali ya zamani inayoyakaribisha, ikiwa imetazama mnara wa simu ulio mtaa wa pili, itakuletea kelele usizozihitaji. Kuna vichujio vidogo vya kuzuia mawimbi ya simu, lakini usikinunue mpaka uone kuna haja.

Turudi kwa busta, kwa sababu najua bado inakuvuta. Busta hukuza kila kinachoingia: picha na kelele zote pamoja. Kilichopotea ukutani hakirudi. Ukipiga picha gizani kisha ukaikuza, utapata giza kubwa. Kazi yake ya halali ni kufidia kile kinachopotea njiani kutoka eriali hadi TV, kwenye waya mrefu au vigawio, na ili iweze hivyo lazima ikae juu, karibu na eriali, kabla ya upotevu. Ile inayochomekwa nyuma ya TV inakuza mabaki.

Tena inaweza kuharibu. Kuna nyumba moja ya Githurai niliyoifungia eriali kubwa na busta kubwa juu yake, mwenye nyumba alikuwa anataka "kitu cha uhakika". Nikawasha. Nguvu ikasoma 98, ubora sufuri. Nikageuza eriali huku na huku saa nzima, jua linanichoma, nikabadilisha waya, nikamlaumu aliyeutengeneza. Mwishowe nikaitoa busta na kuunganisha eriali moja kwa moja. Stesheni zote zikaja. Githurai ni karibu na mitambo kuliko kwako. Mawimbi yalikuwa mengi tayari, na busta iliyafurikisha mpaka king'amuzi kikashindwa kuyatofautisha. Mwenye nyumba aliniuliza kama nitamrudishia pesa ya busta. Nilimrudishia.

Kwa hiyo usipimie kwa kipimo cha nguvu. TV yako, ukiingia sehemu ya kutafuta stesheni kwa mkono, inaonyesha mistari miwili: nguvu na ubora. Tazama ubora. Nguvu ya 50 na ubora wa 90 ni raha. Nguvu ya 95 na ubora wa 20 ni ugonjwa, na dawa yake haitakuwa busta.

Jambo jingine la hapo hapo kwenye menyu. Ving'amuzi na TV nyingi zina mahali pa kuwasha umeme wa eriali, volti 5, unaopanda kwenye waya kwenda kulisha busta. Eriali yako ya sasa huenda inautumia. Ukihamia kwenye Yagi isiyo na busta, uzime kabla ya kuunganisha. Eriali nyingi za aina hiyo zimefungwa ndani kwa namna ambayo umeme huo unakutana na njia fupi, na king'amuzi kitalalamika au kujizima. Watu wamerudisha eriali nzima dukani kwa ajili ya kitufe hicho kimoja.

Waya ndio kitu watu hubania pesa, na wanakosea. Nunua RG6, ule mnene wa omu 75, wenye waya imara wa katikati wa shaba au chuma kilichopakwa shaba, karatasi ya alumini na wavu juu yake. Mita 20 za RG6 nzuri zinakula kama desibeli 3 na nusu kwenye masafa haya, yaani zaidi ya nusu ya nguvu, na huo ndio waya mzuri. Ule mwembamba kama kamba ya kiatu unakula zaidi. Usinunue mita 30 ukazungusha ziada nyuma ya TV kwa sababu "huenda tukahama". Kata ule unaohitaji.

Kwenye ncha, tumia kiunganishi cha kuzungusha, na hapa uwe na macho. Ukichuna waya, kunja nyuzi zote za wavu nyuma. Uzi mmoja tu wa wavu ukigusa waya wa katikati umemaliza kazi yako yote, na hutauona usipoutafuta. Naweza kusema bila kutia chumvi kwamba nusu ya "eriali mbovu" nilizoitiwa zilikuwa ncha mbovu. Ncha ya nje ifunge isiingie maji. Mafundi wetu hutumia utepe wa tyubu kuukuu ya baiskeli, ukiuvuta na kuuzungusha kwa nguvu kutoka chini kwenda juu, na mimi sijaona cha kuushinda kwa bei yake. Kabla waya haujaingia dirishani uache ulegee chini kidogo, maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi kwenye TV. Maji yakishaingia ndani ya waya hayatoki, na utaona stesheni zinapotea moja moja kila msimu wa mvua mpaka uubadilishe wote.

Kuhusu paa, mtafute keateka na mwenye ploti kwanza, kwa upole. Wengi hukataa kwa sababu mafundi huacha matundu kwenye slabu. Waambie utafunga mlingoti kwenye ukuta wa tangi au kwenye bomba lililopo, bila kutoboa. Angalia nyaya za Kenya Power zinapita wapi. Mlingoti ukianguka ukiwa mikononi mwako haupaswi kuzifikia, hesabu urefu wake wote na ongeza. Na mlingoti wa chuma juu ya jengo upelekewe waya mnene wa shaba hadi ardhini, kwa ajili ya radi. Siku ya mawingu mazito chomoa eriali kwenye TV. Sioni aibu kukwambia uite fundi kwa hatua hii. Kupanda juu ya tangi la maji kwa ajili ya taarifa ya habari si kazi ya kila mtu.

Ukiwa huko juu, tazama eriali za majirani kabla ya kufunga yako. Kama vijiti vyao vimelala bapa sambamba na ardhi, laza vyako. Mawimbi hutoka mtamboni yamelala au yamesimama, na ukienda kinyume unapoteza sehemu kubwa bila sababu. Zaidi ya hayo, mwelekeo wa wengi ukilingana na dira yako, umepata uthibitisho wa bure.

Kuelekeza ni kazi ya watu wawili, kama zamani. Mmoja juu, mwingine mbele ya TV, ila siku hizi mnazungumza kwa simu badala ya kupigiana kelele "imekuja! imepotea!" mpaka mtaa mzima ujue. Tofauti ni moja: dijitali huchelewa. Ukigeuza eriali, king'amuzi huchukua sekunde kadhaa kushika tena. Geuza kidogo, subiri ukihesabu mpaka tano, uliza ubora, geuza tena. Anayezungusha bila kusubiri hupita mahali pazuri mara kumi bila kujua. Kosa la digrii kumi hivi halitakugharimu sana kwa Yagi ya kadiri. Na kama ubora unagoma mahali fulani, usiongeze urefu wa mlingoti papo hapo. Isogeze kando sentimita 30. Mawimbi yanayorudishwa na kuta na matangi hukutana na yale ya moja kwa moja, mahali pengine yanajumlishana, mahali pengine yanauana, na kutoka pabaya hadi pazuri ni kama nusu ya wimbi. Nimeona hatua moja ya pembeni ikifanya kilichowashinda mita tatu za bomba.

Hizo stesheni zisizopatikana kabisa ni hadithi nyingine kidogo. Kwenye dijitali, stesheni hazisafiri moja moja. Kampuni ya usambazaji hupakia nyingi kwenye kapu moja na kulirusha kwenye chaneli moja ya masafa. Signet ya KBC ina kapu lake, PANG iliyo upande wa StarTimes ina lake, na ADN iliundwa na makampuni yenye Citizen, NTV na KTN, yale yale yaliyokaa gizani karibu majuma matatu mwanzoni mwa 2015 wakati wa mvutano na serikali kuhusu kuhamia dijitali. Kwa hivyo stesheni zinazokosekana zikiwa ni za kapu moja, ujue umekosa chaneli moja tu ya masafa. Huenda iko upande wa masafa ambao eriali yako ya bati la sentimita chache haiufikii, au iko mahali ambapo mawimbi yanauana sebuleni kwako. Ukiweka ya nje, tafuta stesheni upya kuanzia mwanzo. TV haitaziongeza yenyewe. Zile zitakazoonekana kwenye orodha lakini zimefungwa kufuli ni za kulipia, eriali haina uwezo nazo.

TV mbili? Ndiyo, na bila tabu. Nunua kigawio halisi cha omu 75, kile kisanduku kidogo cha chuma chenye tundu moja la kuingilia na mawili ya kutokea. Usisokote nyaya pamoja kwa mkono. Kila upande utapata nusu, ukipoteza kama desibeli 3 na nusu. Ukiwa na Yagi nje yenye ubora wa juu, hutahisi. Waya wote ukizidi mita 25 hivi na ubora ukashuka, sasa hapo ndipo busta ndogo ya mlingotini, kabla ya kigawio, ina haki ya kununuliwa. Ndogo, dada.

Na kama mwenye ploti atakataa paa lake, usikate tamaa. Ikiwa balkoni inatazama upande wa Nairobi, funga Yagi fupi au ile ya umbo la mshale kwenye reli ya balkoni, kwa bomba la mita moja linalotokeza nje kupita vyuma na kupita kamba ya nguo. Nguo mbichi zilizoanikwa mbele yake zitakukatia picha Jumamosi nzima na utanilaumu mimi. Ikiwa balkoni inatazama Namanga, jaribu dirisha la jikoni au la chooni la upande wa pili kabla ya kulipa chochote: beba hata hiyo eriali yako ya mezani, itoe nje ya dirisha kwa fimbo ya ufagio, uone ubora unasoma ngapi. Ukipanda kwa kiasi chochote cha maana, umepata mahali, na Yagi itafanya makubwa zaidi hapo hapo. Usipopanda hata nukta, mwambie mwenye ploti afikirie eriali moja ya pamoja juu ya paa kwa wapangaji wote, na umwonyeshe jibu hili.

Ukishamaliza, siku picha ziko safi, piga picha kwa simu ule ukurasa wa nguvu na ubora wa kila kapu. Siku zitakapoanza kukatika tena, linganisha. Ubora ukiwa umeshuka kwenye makapu yote, tazama ncha ya waya na mwelekeo. Ukiwa umeshuka kwenye moja tu, ngoja siku mbili kabla ya kumwita fundi, maana huenda wanaotengeneza kitu ni wao, huko Limuru.